Nyasi Tulizowatandikia Wageni

Rubya, mkesha wa safari yako

Kemilembe,

Mambo ya chandarua, ya kufunga begi kwa kufuli mkiwa melini, ya kujihadhari na vyakula vinavyouzwa gatini Kemondo, mama yako ameyasema yote, na mengine ameyasema mara mbili. Sitayarudia. Nimekaa kukuandikia kwa sababu tulipoinuka mezani jioni hii hatukuwa tumemaliza ugomvi wetu, nami sina kipaji cha kumaliza ugomvi kwa mdomo. Nikisema, hasira hunitangulia. Nikiandika, hulazimika kusubiri zamu yake. Usidhani imelala. Nataka tu uione ikiwa imepangwa, ujue inamwelekea nani na kwa sababu gani, na ujue pia kwamba haikuelekei wewe, ingawa mezani ilionekana hivyo.

Tuanze na yale ambayo hatubishani. Ulimaliza mwaka wa kwanza wa masomo ya maabara kule Mwanza, ukafaulu, kisha ukarudi nyumbani kwa sababu hatukuwa na ada ya kukupeleka mbele. Umekaa hapa mwaka mzima ukipalilia mibuni pamoja na mama yako, ukiwasaidia watoto wa jirani masomo ya sayansi, bila kulalamika hata siku moja kwa sauti ambayo ningeweza kuisikia. Sasa ule Mfuko wa kusomesha vijana umekubali kukulipia hadi umalize. Kesho jioni unapanda meli. Lakini kesho asubuhi, kabla ya meli, unatakiwa kusimama katika ukumbi mjini Bukoba, mbele ya wafadhili, usome ushuhuda wa maisha yako. Ushuhuda huo hukuuandika wewe. Ameuandika mratibu wa Mfuko, Bwana Kaiza, na ndani yake kuna sentensi mbili ambazo si za kweli: kwamba familia yetu hulala juu ya nyasi, na kwamba siku za njaa tunatafuna kahawa ili kutuliza tumbo. Nyuma yako patatundikwa picha kubwa ya sebule yetu.

Nilipokuuliza kama utausoma, ulijibu bila kuinua macho kwenye sahani.

“Nitasoma, Baba. Ni sentensi mbili tu. Meli inaondoka jioni.”

“Ni uongo mara mbili,” nikasema.

“Basi hesabu imekaa sawa. Uongo mara mbili, na miaka iliyobaki ni miwili. Kila uongo unalipa mwaka wake.”

Mama yako alicheka, kisha akajutia kicheko chake. Mimi sikucheka. Nilianza kusema habari za heshima ya nyumba, ukanikata kauli, wewe ambaye hujawahi kunikata kauli. Ulisema kwamba heshima ya nyumba haijakuandikisha darasani hata siku moja, na kwamba mwaka huu wote ulipokuwa na jembe mkononi haikuja kukusaidia kupalilia. Nikainua sauti. Ukainua yako. Ndipo mama yako alipoweka kijiko chini.

“Nyinyi wawili mkitaka kuumizana mnakimbilia Kiswahili,” alisema. “Hebu semezaneni hayo hayo kwa Kihaya, kama mna ubavu.”

Hakuna aliyethubutu. Ulikwenda kulala, ukaniambia “Usiku mwema, Baba,” wala si “Tata” kama unavyoniita siku zote, nami nikabaki na mama yako, ambaye alisema tu kwamba binti yangu amechukua ulimi wangu na sasa naulipia.

Naomba nikueleze siku ya wageni jinsi nilivyoiona mimi, kwa maana muda mwingi ulikuwa jikoni na moshi ulikuzuia kusikia.

Mama yako aliondoka mapema kwenda rweya, kule kwenye uwanda wa nyasi juu ya mashamba, akarudi na mzigo kichwani. Unazijua nyasi zenyewe, zile laini zinazonukia zikikatwa, ambazo kila nyumba ya huku hutandika Krismasi, na siku ya harusi, na siku yoyote anapotarajiwa mgeni ambaye mwenye nyumba hataki akanyage sakafu tupu. Alizitandika sebuleni juu ya saruji, kuanzia mlangoni hadi chini ya meza, akazilaza zote upande mmoja kwa viganja vyake, akanifukuza nilipotaka kupita. “Mwalimu, zunguka nyuma. Hujaalikwa.” Alikuwa na furaha. Tangu mnyauko uingie kwenye migomba yetu tukalazimika kuing'oa, sikuwa nimemwona akiandaa nyumba kwa furaha ya namna ile.

Wageni walikuja kwa gari la Mfuko: Kaiza, mpiga picha, na mama mmoja mtu mzima kutoka ng'ambo, ambaye ndiye mkuu wa wafadhili. Mama huyo alifika mlangoni, akaziona nyasi, akavua viatu bila kuambiwa na mtu. Nilimpenda kwa hilo. Aliingia akikanyaga taratibu, kama mtu anayejua kwamba kitu kimefanywa kwa ajili yake ila hajui ni kitu gani. Kisha akamgeukia Kaiza, akamuuliza kwa Kiingereza: nyasi hizi ni za nini?

Lilikuwa swali safi kabisa. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, maswali ya namna ile niliyapata mara chache: mtu hajui, anajua kwamba hajui, anauliza. Kaiza akamjibu, kwa Kiingereza pia, kwa sauti ya upole ya mtu anayetoa habari ya msiba: “Ndipo wanapolala.”

Kemilembe, Kaiza ni mzaliwa wa Kamachumu, Mhaya kama sisi. Amekulia katika nyumba ambayo mama yake alitandika nyasi kila Krismasi. Amelala juu yake kama sisi sote tulivyolala tukiwa watoto usiku wa sikukuu, kwa sababu watoto wa jamaa walijaa na ilikuwa raha. Anajua maana yake kama anavyojua jina lake. Hasira yangu haimwelekei mgeni. Mgeni hakujua, akauliza. Inamwelekea aliyejua, akaulizwa, akajibu vile.

Mama yako hakuelewa neno. Alitoka chumbani na kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna anayopewa kila mgeni, akapiga magoti, akampa. Mgeni akachukua punje, akaiweka mdomoni, akakunja uso, akajitahidi kuukunjua.

“Mwambie karibu sana,” mama yako akamwambia Kaiza kwa Kihaya. “Mwambie hii ndiyo mikono yetu ya kumpokea. Na wewe mwenyewe mbona hutafuni? Au mjini mmekuwa watu wa biskuti?”

“Mimi, Ma Yustina? Natafuna tangu tumboni mwa mama.”

Akachota, akatafuna, akamwambia mgeni kwa Kiingereza, kahawa yetu ikiwa bado kwenye meno yake, kwamba punje hizo huzuia njaa siku chakula kinapokosekana. Mgeni alimtazama mama yako akiwa bado amepiga magoti. Macho yake yalijaa machozi. Mama yako, alipoyaona, aligusa kifua chake na kumshukuru, “Wakola, waitu,” akidhani mgeni amezidiwa na ukarimu. Wanawake wawili wenye nia njema walitazamana kwa upendo, na kati yao palikuwa na mwanamume aliyejua kwamba hakuna hata mmoja anayemwelewa mwenzake, akaacha iwe hivyo kwa sababu ilimfaa.

Halafu mpiga picha akaomba nafasi. Meza yenye kitambaa ilimsumbua; ikaondolewa. Kabati la vitabu lilimsumbua zaidi. Kaiza akaniambia, “Mwalimu, tulisogeze kidogo, mwanga unagonga kwenye kioo.” Hapakuwa na mwanga wowote uliokuwa unagonga kwenye kioo. Kulikuwa na mawingu.

Ni mimi niliyelibeba, Kemilembe. Nilishika upande mmoja, Kaiza akashika upande mwingine, tukalipeleka chumbani. Kisha nikarudi, nikasimama juu ya nyasi pamoja na mama yako mbele ya ukuta mtupu, nikapigwa picha. Wewe uliitwa ukaja na aproni, ukauliza, “Kabati limeenda wapi?” Nikakujibu, “Simama hapa.”

Kiingereza nakijua. Nimekifundisha. Nilisikia kila neno, na nilikuwa karibu na Kaiza kiasi cha kuweza kumshika bega. Sikusema. Na wageni walipoondoka bila kuonja zile ndizi na kuku ambavyo wewe na mama yako mlikuwa mmevihangaikia tangu asubuhi, Kaiza akisema tu “Ratiba, Mwalimu, ratiba,” niliwasindikiza hadi kwenye gari na kuwashukuru. Nilishukuru kwa maneno mengi. Nikikumbuka wingi wa maneno yale nashikwa na ghadhabu ambayo sijui niielekeze wapi, kwa kuwa aliyeyasema ni mimi.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Jibu jepesi ni kwamba nilitaka urudi chuoni. Ni kweli, ila si kweli yote, nami sikukulea kwa majibu ya nusu.

Mimi nilisomeshwa. Hilo unalijua. Mzee mmoja wa hapa Muleba, mfanyabiashara wa kahawa, alinilipia chuo cha ualimu baada ya baba yangu kufariki. Hakuwa mtu wa maonyesho. Hakunipiga picha, hakunisimamisha ukumbini. Alimwita mama yangu, akamwambia, “Huyu aende,” nami nikaenda. Miaka baadaye alipojenga shule yake ya sekondari aliniita, nikaacha kazi niliyokuwa nayo siku hiyo hiyo. Sehemu ambayo hujawahi kuisikia ni hii: sikuomba mkataba. Sikuuliza kama michango ya pensheni yangu ilikuwa inapelekwa panapotakiwa. Nilijiambia kwamba mtu aliyekusomesha humuulizi maswali kama hayo. Nilifundisha kwake maisha yangu yote ya kazi kwa moyo huo, nikijiona mtu mwema.

Walimu wenzangu waliuliza. Siku moja walikusanyika chumba cha walimu, wakaandaa wajumbe wa kwenda kumwona Mzee, wakaniomba niwe msemaji wao kwa kuwa ananisikiliza. Nilisimama nikawaambia kwamba ni aibu kumdai mtu aliyewafanyia watu wema kiasi kile. Mwalimu wa hisabati, Mnyambo kutoka Karagwe, mtu wa maneno machache, akanitazama akasema: “Alikusomesha wewe, Mwalimu. Sisi tumesomeshwa na baba zetu.” Chumba kizima kilicheka. Mimi nilitoka nimenuna, na wajumbe hawakwenda.

Mzee alipofariki, watoto wake waliifunga shule kabla mwaka haujaisha. Leo madarasa yale yanahifadhi mifuko ya saruji. Tulipokwenda kufuatilia haki zetu hapakuwa na cha kufuatilia. Mwalimu wa hisabati alikuwa ameshahama zamani. Waliobaki hawakunilaumu usoni, na nadhani hilo ndilo lililoniuma kuliko lawama.

Basi unapojieleza kwa wenzako chuoni kwa nini ulikaa nyumbani mwaka mzima, usiseme ni mnyauko wa migomba. Mnyauko ulituumiza, lakini haukukutoa chuoni. Ulikosa ada kwa sababu baba yako aliichukulia shukrani kuwa ni kazi isiyo na saa ya kutoka. Na hapa lazima niwe mwangalifu, maana ni rahisi kumtupia marehemu mzigo: Mzee hakuwahi kuniomba ninyamaze. Nilimpa unyamavu wangu mwenyewe, kila mwaka, na labda hakujua hata kwamba anaupokea. Ndiyo maana siku ile sebuleni, Kaiza aliposema “Ndipo wanapolala,” mdomo wangu haukuhitaji kufungwa na mtu. Ulikuwa umezoea.

Sasa nirudi kwenye hoja yako, kwa kuwa ulikuwa na hoja, na mezani sikuitendea haki.

Ulisema ni sentensi mbili, na kwamba maneno hayamgharimu mtu kitu. Nakubaliana nawe katika jambo moja: wafadhili wale hawatakuja kutula, wala hawatatukumbuka ifikapo Pasaka. Ila tazama kwa makini kile tunachokosa. Tunakosa ada. Ukosefu huo ni kamili. Hauhitaji kutiwa chumvi. Binti amefaulu, chuo kinamsubiri, wazazi hawana fedha: kwa mtu mwenye akili na nia ya kusaidia, hapo pametosha. Ni nani aliyeamua kwamba hapatoshi? Ni nani aliyekaa ofisini akasema kwamba umaskini wetu ni wa kweli lakini hauna sura, hivyo utafutiwe sura, na iwapo sura haipatikani, ichukuliwe heshima yetu, igeuzwe upande wa pili, ipigwe picha? Kitanda chetu kipo. Godoro lako lipo, nawe unalijua shimo lake la katikati. Tungeweza kuwaonyesha shimo hilo, kama wangetaka! Lingekuwa la kweli. Lakini hawakutaka kitu cha kweli kilicho kidogo. Walitaka kikubwa.

Na kuna jambo linalonikasirisha kuliko hilo. Bango lile la picha yetu litakaa ukumbini, kisha litakaa kwenye kuta za ofisi yao, na watu wa huku wataliona. Mwakani gari la Mfuko litakwenda kwenye nyumba nyingine, labda Kagondo, labda huku huku kwetu. Mama wa nyumba hiyo atakuwa ameona picha yetu. Asubuhi ya wageni atasimama mlangoni na panga lake la kukatia nyasi, na kwa mara ya kwanza maishani atafikiri. Huenda akaacha kutandika, ili asionekane hana kitanda. Huenda akatandika makusudi, ili aonekane hana. Sijui lipi ni baya zaidi. Najua tu kwamba hatatandika tena kwa sababu ile ambayo mama yako alitandikia, na kwamba atakayekuwa amemfundisha hivyo ni mimi na kabati langu la vitabu.

Uliniambia Mfuko unawasaidia wengi. Ni kweli. Nimewaona vijana waliotoka mikononi mwao: wauguzi, mafundi, mwalimu mmoja anayenizidi. Sipingi wema wao. Ninachopinga ni imani kwamba anayefanya wema amesamehewa usahihi. Daktari anayetibu bure bado anatakiwa kujua ni mguu upi unaouma. Wewe unakwenda kusomea kazi ambayo usahihi ndio kazi yenyewe. Utaweka tone la damu chini ya darubini na kuandika unachokiona. Atakuja mtu, atakuwa mwema, atakuwa na haraka, atakuomba uandike kidogo tofauti kwa faida ya wengi. Sikuambii la kumjibu. Nakuambia tu kwamba atafanana sana na Kaiza: mchangamfu, mwenyeji, anayejua kutafuna kahawa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo litakukasirisha.

Ulipokwenda kulala, nilimpigia simu Kaiza. Sikukuuliza kwanza. Nilimwambia kwamba nataka picha ya nyumba yangu isitundikwe.

“Mwalimu, bango limeshachapwa.”

“Basi likunjwe.”

“Mwalimu wangu, mbona tunafanya mambo kuwa magumu? Ni mtindo tu wa kuwagusa watu. Kila mtu anajua.”

“Yule mama hakujua. Aliuliza.”

Sauti yake ikabadilika. “Unajua kuna waliobaki kwenye orodha ya akiba? Ukitaka binti akae nyumbani mwaka mwingine, sema tu.”

“Nataka utafsiri ulichoulizwa. Nyasi ni za mgeni. Kahawa ni ya mgeni. Sema hivyo, kisha sema kwamba hatuna ada.”

“Kwa hiyo mtu aliyetandikiwa zulia la namna hiyo atoe fedha zake kwa sababu gani?”

Nilimjibu kwamba kama hakuna sababu nyingine, basi atoe kwa sababu alikaribishwa vizuri. Alicheka, wala si kwa ubaya. Alicheka kama mtu anavyomcheka mzazi wake aliyebaki nyuma. Mwisho akasema kwamba hana mamlaka ya kuondoa bango peke yake, kwamba kamati itakutana asubuhi kabla ya sherehe, na kwamba hawezi kuniahidi watakachoamua juu ya picha. Wala juu yako.

Huo ndio ukweli wa mahali tulipo. Inawezekana kesho kamati ikaondoa picha na mambo yakaendelea. Inawezekana ikakuondoa wewe. Ikikuondoa, sitakuambia kwamba itapatikana njia nyingine. Sijui kama ipo, nami sisemi nisichokijua. Utakuwa na haki ya kunikasirikia, na sitajitetea kwa kusema nilikuwa naitetea heshima. Ulishaniambia mezani jinsi neno hilo lilivyokusaidia kupalilia.

Ila nataka uone nilipoweka mpaka, maana niliuweka kwa makusudi. Nyumba ni yangu. Nyasi alizikata mama yako, nami nilimwamsha kumwambia nilichofanya. Alisema, “Ungefanya hivyo siku ile ile, mume wangu, ungenipunguzia dua,” akageukia ukutani. Picha ya nyumba yetu nilikuwa na haki ya kuikataa, na kosa langu ni kwamba nilichelewa. Lakini ushuhuda ni wako. Kuhusu ushuhuda sikumwambia Kaiza neno. Hakuniuliza, na kama angeniuliza ningemwambia akuulize wewe. Nilinyamaza kwa niaba ya walimu wenzangu bila kutumwa. Sitasema kwa niaba yako bila kutumwa.

Karatasi ya Kaiza iko mezani ulipoiacha. Sijaigusa, wala sijaisahihisha, ingawa ina makosa ambayo mkono wangu uliyatamani. Ukiisoma kama ilivyo, hutakuwa umefanya jambo ambalo mimi sijalifanya, na hutakuwa umelifanya kwa sababu ndogo. Ukiiweka pembeni, hakuna anayehitaji hotuba. Jina lako, unachosomea, kwa nini uliacha, kwa nini unataka kumaliza, ahsante. Wakikuuliza nyasi zile zilikuwa za nini, utakuwa na nafasi ambayo mimi niliikosa: swali zuri, mtu anayetaka kujua, na Kiingereza cha kutosha.

Tulikubaliana uende mjini peke yako, kwa kuwa goti langu halipendi safari. Nimebadili mawazo. Nitakwenda nawe. Barua hii naiweka juu ya begi lako ili uisome kabla ya chai, na kama ukiisha kuisoma hutaki niketi nawe kwenye gari, nitapanda linalofuata.

Nitakaa safu ya mbele, mahali unapoweza kuniona na yule mama anaweza kuniona. Ukisoma maneno yao, nitakusikiliza hadi nukta ya mwisho, na nitakupigia makofi, kwa kuwa ni wewe unayesoma na hakuna karatasi itakayobadili hilo. Ukisema yako, nitakupigia makofi pia.

Ila yale ya maneno yao nitayapiga nikiwa nimekaa.

Baba yako